Jino la vise na barabara ya Kamituga

Mwezi wa kumi 2025 dhahabu ilipita dola 4.000 kwa onsi moja, mara ya kwanza kabisa. Kwenye shimo bei haifiki pale, tunajua: negosian ana hesabu zake, na bariere nazo ziko na zake. Lakini kile kidogo kinachobaki kinamkumbusha mtu mambo aliyoahirisha: mabati ya nyumba, minervali ya watoto, na yale magego mawili yaliyong'olewa yakaacha pengo.

Ndipo neno implanti linaingia katika mazungumzo. Wengi wanafikiri ni kama kununua simu: unalipa, unatoka nayo. Hapana. Implanti ni vise ndogo ya titani inayotiwa ndani ya mfupa wa taya, pale mzizi wa jino ulipokuwa. Daktari wa Swideni, Per-Ingvar Brånemark, ndiye aliyeonyesha kwamba mfupa unashikana na titani; mgonjwa wake wa kwanza aliwekewa mwaka 1965. Kushikana kule kunaomba muda: miezi mitatu mpaka sita, mara nyingine zaidi, ndipo jino lenyewe linawekwa juu. Mbele ya yote ni kupiga radio ya taya kuona kama mfupa unatosha, maana jino likishatoka mfupa unaanza kupungua. Kiisha kuna kurudi kuchunguzwa, mwaka kwa mwaka. Anayevuta sigara sana, ao mwenye ugonjwa wa sukari usiotunzwa, vise yake iko na hatari kubwa ya kulegea.

Na hapo siasa inaingia mpaka ndani ya kinywa. M23 iliingia Bukavu mwezi wa pili 2025. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulifungwa, benki zikafunga milango, na mtu wa Kamituga anayekuja mjini, kilometa kama 180, anatoka upande mmoja wa vita na kuingia upande mwingine. Safari moja inaweza kufaulu. Implanti inaomba nne, tano. Nani ataahidi kwamba baada ya miezi sita barabara ya Mwenga itapitika? Na makuta je? Bila benki, dola zinatembea mfukoni, mbele ya kila bariere. Wenye uwezo wanavuka Ruzizi kwenda Kigali. Hata wao, vise ikilegea, lazima warudi kwa yule yule aliyeiweka, ao wapate mwingine mwenye vifaa vya aina ile ile. Kwa hiyo mwenye kulipa aombe karatasi yenye jina la vise, vipimo vyake na tarehe. Bila karatasi ile, daktari mwingine atakuwa anapapasa.

Sisi tunaona hivi: kwa mchimbaji wa leo, proteze ya kuvaa na kuvua, ikitengenezwa vizuri, si aibu. Inaomba majuma, si miezi. Ikivunjika inatengenezwa. Bei yake iko mbali na ile ya implanti, ambayo katika miji mikubwa ya kanda mara nyingi inapita dola elfu kwa jino moja. Haitafuni kama jino la kuzaliwa, ni kweli. Muwa na mahindi ya kuchoma vitakusumbua. Bugali na sambaza zitapita. Usiku inavuliwa, inasuguliwa, inalala ndani ya maji. Kisichofaa ni kuacha pengo wazi miaka na miaka: meno ya jirani yanainama kulielekea, na lile la upande wa pili linarefuka likitafuta mwenzake.

Tena kuna moshi. Zebaki, ile tunaita merkire, inapochomwa ili dhahabu ibaki, mwenye kuivuta kwa muda mrefu ufizi wake unavimba na kutoa damu, mate yanajaa, meno yanalegea, mikono inatetemeka. Mama anayechoma jikoni na mtoto mgongoni, wote wawili wanavuta. Kutia vise ya dola elfu katika kinywa cha mtu atakayerudi kesho kwenye moshi ule ni kujenga nyumba kwenye mtelemko wa Kadutu wakati wa mvua. Mwezi wa 11, 2025, kule Geneva, nchi za mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba ifikapo 2034 zebaki isitumike tena kuziba meno. Vizuri. Lakini ile ya kuziba jino ni tone. Ya kwetu inachomwa kila jioni.

Retorti, chombo cha chuma kinachofungia moshi na kurudisha zebaki ndani ya chupa, ni bei ndogo kuliko jino moja la implanti, na inatumikia shimo zima. Sheria ya madini, tangu ilipogeuzwa 2018, inataka mchimbaji awe ndani ya kooperative, na mchimbaji anatoa mchango wake. Tunawauliza ma-PDG na viongozi wa kooperative: mchango wa mwezi uliopita ulinunua nini?