Darubini ya Bei Nafuu: Tuipime Kabla ya Kuinunua



Wasomaji wetu watukufu, kila Ramadhani inapokaribia, kamati nyingi za misikiti hujiuliza: je, tununue darubini ya kutazamia mwezi? Sisi wa Kamsamba, katika bonde la Ziwa Rukwa, swali hili linatugusa kwa namna ya pekee. Upande wa machweo tumezibwa na miinuko ya Ufipa, na hilali changa hukaa juu yake kwa muda mfupi mno. Mmoja husema ameiona, mwingine hukana, na nyumba moja ikaanza funga kwa siku mbili tofauti. Fedha ya sadaka itakayonunua chombo hiki haina budi kutumika kwa ujuzi.

Kwanza tusome namba. Darubini ya macho mawili huandikwa namba mbili, mfano 10x50. Ya kwanza ni idadi ya mara inazokuza. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukiigawa ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa duara la nuru linaloingia jichoni: 50 kwa 10 ni milimita 5. Mboni ya kijana hutanuka gizani hadi milimita 7 hivi, na hupungua kadiri umri unavyosonga; mchana hubaki 2 au 3. Ndiyo maana darubini za 7x50, 8x42 na 10x50 zafaa mchana, magharibi na hata usiku.

Tujihadhari na zile zilizoandikwa 60x60 au zaidi kwa bei ya kutupa. Lau namba hiyo ingekuwa ya kweli, duara la nuru lingekuwa milimita 1 tu. Picha ingekuwa ya giza na ingetetemeka mkononi. Uielekeze kwenye ukuta mweupe, uishike mbali na uso, kisha upime duara kwa rula. Ukikuta milimita 4 au 5, maandishi yale ni ya uongo. Makaripio ya Suratul Mutaffifin kwa wapunjao vipimo hayakuishia kwenye mizani ya nafaka.

Duara hilo na liwe mviringo kamili. Likiwa na kingo zilizokatwa, vioo vya ndani ni hafifu. Lenzi zenye rangi nyekundu iwakayo tuziache, kwani hupotosha rangi na kupunguza nuru. Kisha tutazame mnara wa mbali kwa macho yote mawili kwa dakika nzima. Picha zikiwa mbili badala ya moja, au kichwa kikianza kuuma, turudishe chombo hicho dukani, hata kama bei yake inavutia.

Manufaa yake si ya usiku mmoja. Mchana, mlinzi wa mashamba ya mpunga ataliona kundi la kweleakwelea kabla halijatua. Usiku, vijana wa madrasa wataiona Kilimia, ambayo kwa macho matupu ni nyota sita au saba, ikiwa makumi ya nyota. Wakiiegemeza ukutani ili isitikisike, wataona miezi minne ya Mshtarii ikiwa vitone kando yake. Oktoba na Novemba, upande wa kaskazini, wataona ukungu hafifu wa Andromeda, ambao mwanachuoni wa Kiislamu Abdurrahman as-Sufi aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 964, karne nyingi kabla ya darubini kuvumbuliwa. Pete za Zohali zisiahidiwe. Zahitaji chombo kikubwa zaidi.

Ama kuhusu ushahidi wa mwezi, wanazuoni wametofautiana: wapo wanaokubali kuona kwa chombo, na wapo wanaoshurutisha macho matupu. Sisi twapendekeza njia isiyoleta mzozo. Darubini itumike kuitafuta hilali na kuonyesha ilipo. Ikishapatikana, ishushwe, na mashahidi waitazame kwa macho yao wenyewe. Ushahidi huo hautapingwa na kundi lolote kwa sababu ya chombo. Darubini pia hutenganisha hilali na kipande cha wingu: hilali ya kweli tumbo lake huelekea lilikozama jua. Mwezi ambao haujatimiza saa 15 tangu kuzaliwa kwake ni nadra mno kuonekana kwa macho matupu. Anayedai kuuona aulizwe kwa upole, bila kutuhumiwa. Na mawingu yakitanda, Mtume (s.a.w.) ameshatuelekeza kukamilisha siku 30. Hakuna lenzi iliyokuja kuiondoa rehema hiyo.

Lipo onyo moja ambalo wazazi walishike. Darubini isielekezwe magharibi kabla jua halijazama lote. Lenzi hukusanya miale na yaweza kuliunguza jicho kwa muda mfupi sana, bila maumivu ya kumtahadharisha mtazamaji. Chombo kikae mikononi mwa mtu mzima, si mwa mtoto.

Kamati itakayonunua darubini moja ya kweli ya 10x50, ikaipima dukani na kuiwekea mlinzi, imetimiza amana. Itakayonunua namba kubwa za uongo itakuwa imenunua ugomvi mwingine wa mwezi. Allah atujaalie kuufikia Ramadhani tukiwa safu moja.

Wabillahi tawfiq.