Mlango wa Shule Ulifunguliwa, Je Mtoto Alikaribishwa?



Tukizungumzia mwisho wa ubaguzi wa rangi mashuleni, tunataja sheria na viongozi. Mtoto mwenyewe, aliyeshika daftari lake akaingia darasani, hatumtaji. Mimi naona si haki, maana kazi ngumu kuliko zote aliachiwa yeye.

Wengi tunamjua Ruby Bridges wa New Orleans, Marekani. Mahakama ya Juu ilipiga marufuku ubaguzi huo Mei 1954. Yeye akazaliwa Septemba ya mwaka huohuo. Alipokuja kuingia shule ya Wazungu, tarehe 14 Novemba 1960, alikuwa na miaka 6, na alisindikizwa na maafisa wenye silaha. Wazazi wa Kizungu wakawaondoa watoto wao. Mwaka mzima alisoma peke yake na mwalimu mmoja, Barbara Henry. Baba yake akafukuzwa kazi. Hiyo ndiyo shule "iliyofunguliwa"!

Na kwetu je? Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na fungu lake la fedha. Mfumo huo ulifutwa Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru. Kenya nayo, Tume ya Ominde ya 1964 ilitaka ubaguzi ukome. Lakini shule zilizokuwa za Wazungu zikabaki na ada kubwa. Rangi ikatoka mlangoni, mfuko ukakaa kwenye kiti chake.

Jirani yangu hapa Firq, bibi wa Kiarabu mzaliwa wa Tabora, alikuwa na miaka 8 mwaka ule. Anasema: "Mjukuu wangu, hakuna aliyetupiga wala kututukana. Tulikaa tu makundi matatu, mwalimu akatuacha." Waliotoka shule za Kiswahili walikuta masomo ni Kiingereza, wakanyamaza. Wenzao wakadhani hawana akili. Mpaka alipokuja mwalimu mwingine akawachanganya, wawili wawili dawati moja, ndipo wakaanza kuulizana majina.

Tunaosoma uhandisi hilo halitushangazi. Hapa Nizwa maji ya Falaj Daris hayafiki mashambani kwa sababu tu chanzo kina maji. Kuna zamu, na kuna watu wa kuisimamia. Sheria ni chanzo. Mwalimu, lugha na ada ndiyo mifereji.

Sasa jamani, wengi wetu tutarudi nyumbani na vyeti vyetu, na watoto tutawapeleka shule za ada kubwa, huku wa jirani wakibaki kwa Mtakatifu Kayumba. Mtu atasema kila mzazi humtafutia mwanawe kilicho bora. Sawa, simlaumu. Lakini watoto wasiokutana darasani watakutana lini? Ofisini, mmoja bosi na mwingine mlinzi?

Ombi langu ni dogo. Ukienda likizo, pita shule uliyosoma. Usiulize wangapi wamefaulu tu. Uliza nani anakaa na nani, na yule aliyenyamaza nyuma ananyamaza kwa nini. Kisha uone unaweza kusaidia nini: vitabu, ada ya mtoto mmoja, au wiki mbili za kufundisha hesabu.