Kituku: kabla ya kuahidi kompyuta bandarini, tuangalie ndani ya ruta

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, na watu kwa makumi wakafa jamaa zao wakiwa ufukoni. Kwa siku nyingi hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni abiria wangapi walikuwa ndani. Tangu hapo, wakaaji wengi wa Goma wanadai kitu kimoja: majina ya abiria yaandikwe kwenye kompyuta, na orodha ifike upande wa pili wa ziwa kabla ya boti kung'oa nanga.

Naunga mkono dai hilo. Ila kuna swali lisiloulizwa: orodha hiyo itapita wapi, na kifaa kitakachoipitisha kitadumu misimu mingapi ya mvua?

Kifaa hicho kinaitwa ruta. Ndicho kinachopokea habari kutoka kompyuta za ofisi na kuzichagulia njia ya kwenda nje. Hata chini ya antena za simu mnazotumia kutuma pesa kuna ruta. Tangu benki zifunge milango Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, mama anayeuza sambaza Kituku anaitegemea bila kuijua.

Ukiifungua ruta ya ofisi kubwa, utakuta prosesa inayofanya hesabu, memori ya kazi, memori ya kudumu inayohifadhi maagizo, matundu ya kebo, feni ndogo, na sehemu ya umeme inayoushusha umeme wa ukutani hadi kiwango kidogo. Prosesa haifi upesi. Zinazokufa kwanza ni sehemu tatu za mwisho: umeme, feni na matundu. Na hapa kwetu zinakufa kwa sababu tunazozijua.

Sababu ya kwanza ni radi. Mwaka 2016, wataalamu waliotumia data za satelaiti za NASA walipanga sehemu za dunia zinazopigwa radi zaidi. Ya kwanza ilikuwa ziwa Maracaibo, Venezuela. Ya pili ilikuwa Kabare, hapa hapa Kivu ya Kusini: miale 205 kwa mwaka katika kila kilomita ya mraba. Radi haihitaji kupiga ofisi yenyewe. Ikipiga karibu, kebo ndefu ya shaba inayoshuka kutoka paani inaingiza umeme moja kwa moja kwenye tundu la ruta.

Dawa ya radi ni waya wa ardhi, na hapo Goma tuna tatizo letu wenyewe. Mji umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, na jiwe kavu la volkano halipitishi umeme vizuri. Kupigilia chuma kimoja na kusema kazi imekwisha ni kujidanganya. Inabidi kuchimba, kuweka vyuma kadhaa vilivyounganishwa, kujaza udongo wa shamba wenye unyevu, kisha kupima. Afadhali zaidi, kebo inayotoka nje iwe ya fiber isiyo na chuma ndani, maana kioo hakipitishi umeme.

Sababu ya pili ni umeme wenyewe, unaokatika na kurudi kwa kishindo. Ruta ya ofisi kubwa mara nyingi ina nafasi ya sehemu mbili za umeme: moja ikifa, nyingine inaendelea, na fundi anabadilisha iliyokufa bila kuzima chochote. Lakini ofisi nyingi zinanunua kiboksi cha nyumbani chenye waya mmoja, kwa sababu bei ni ndogo. Kiboksi kikiungua, kazi inasimama, na uwanja wa ndege ukiwa umefungwa, kingine kitangojwa mpaka kifike kwa barabara.

Sababu ya tatu ni vumbi letu jeusi. Linaziba feni, ruta inapata joto, na siku moja inazima yenyewe. Kupuliza vumbi kila mwezi hakuhitaji mfadhili.

Kwa hiyo, yeyote atakayeleta mpango wa kompyuta Kituku, awe mamlaka ya bandari, shirika au wenye boti, tumdai mambo manne kabla ya kupiga picha ya uzinduzi: waya wa ardhi uliopimwa, sehemu mbili za umeme pamoja na betri, ruta ya akiba yenye nakala ya maagizo, na fundi wa hapa anayelipwa kila mwezi. Na daftari la karatasi libaki mezani, kwa sababu siku ya dhoruba ndiyo siku mtandao unapoanguka.

Mtu atasema hiyo ni gharama kubwa kwa mji wenye njaa. Gharama kubwa ni kununua kitu kilekile mara tatu. Vijana wetu wanaotengeneza simu kando ya barabara tayari wanajua kubadilisha kapasita iliyoungua. Wanachokosa ni vipuri, vyombo vya kupimia na mtu wa kuwaamini.

Na tusisahau baadhi ya kapasita zinatengenezwa kwa tantali, inayotoka kwenye koltani. Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba Rubaya, katika Masisi, inatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Bati linaloshikilia vipande hivyo linatoka kwenye kasiteriti, ambayo Walikale inachimba pia. Jiwe linatoka kwetu kwa kilo, linarudi ndani ya boksi kwa bei ya dolari mamia, kisha tunalitupa kwa sababu hakuna aliyeweka waya wa ardhi.

Abiria wa Minova wana haki ya kuandikwa majina yao. Tusiwaandike mahali patakapozimika mvua ya kwanza ikinyesha.