Wenye Mitandao na Wenye Madaraka

Januari 2021, baada ya ghasia katika Bunge la Marekani, Facebook na Twitter zilimfungia Donald Trump akaunti zake. Wademokrati wengi walishangilia. Warepublikani wakalalamika kwamba wananyamazishwa. Trump alipoapishwa tena Januari 20, 2025, Mark Zuckerberg na Elon Musk, aliyeinunua Twitter mwaka 2022 kwa dola bilioni 44, walikuwa ukumbini, karibu naye. Washangiliaji na walalamikaji wakabadilishana zamu.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo penye kosa. Kila upande huuliza, "Tajiri huyu ni wetu?" Wachache huuliza kwa nini matajiri wachache waamue nani asikike na nani anyamaze. Upepo ukigeuka, nao hugeuza tanga. Mnyonge hubaki palepale.

Mwaka 1891, katika Rerum Novarum, Papa Leo XIII aliwakumbusha matajiri kwamba mfanyakazi si mtumwa. Papa Leo XIV ameeleza kwamba alichagua jina hilo kwa kuwa akili mnemba imeleta mapinduzi mengine. Basi Mkristo asiwe shabiki wa tajiri wa chama chochote. Aulize kwanza: je, mnyonge analindwa?