Kona ya Bomba la Umeme

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi vya Tanzania. Ndani ya nyumba, nyaya hupitishwa katika mabomba ya plastiki yaliyofichwa ukutani. Leo tutazame jambo moja dogo tu: kona ya bomba hilo.

Katika nyumba moja nilimwona kijana akilipasha bomba juu ya jiko la mkaa, kisha akalikunja kwa nguvu. Kona ikabonyea kama bua lililovunjika. Akaifunika kwa saruji, naye mwenye nyumba akamlipa. Siku ya kuvuta nyaya, waya ukakwama papo hapo. Ukuta ukabomolewa, fedha zikatoka mara ya pili. Na heri ulikwama! Waya unaolazimishwa kupita huchubuka ngozi yake, na waya uliochubuka waweza kuwasha nyumba moto.

Basi, njia iliyo njema ni hii. Chukua springi ya kupindia inayolingana na bomba. Bomba la milimita 20 lina springi yake. Ifunge kamba, uiingize mpaka mahali pa kona. Siku ya baridi, sugua bomba kwa kitambaa hadi lipate joto kidogo. Liegemeze gotini, ulivute pande zote mbili polepole. Mkunjo uwe mpana: nusu kipenyo chake kisipungue mara nne ya unene wa bomba, yaani milimita 80 kwa bomba hilo. Lipinde kupita kidogo kiasi unachotaka, maana ukiliachia hurudi nyuma. Kisha izungushe springi upande unaoikaza, nayo itatoka bila shida ukiivuta.

Labda wewe, ndugu msomaji, hutapinda bomba kamwe. Ni sawa, kwa kuwa kazi ya umeme ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Lakini kabla ukuta haujapigwa lipu, pitisha mkono wako katika kila kona. Ukiona imebonyea, mwambie fundi aibadilishe, wala usione haya. Siku hiyo hasara ni kipande cha bomba tu. Ukingoja, hasara ni ukuta, na pengine nyumba nzima. Saruji huficha kosa, hailiponyi.