UDONGO WA SHAMBA NI NENO LA MSHAHARA



Huenda wengine wenu mkiona kichwa cha habari hii mtasema, "Chama cha wafanya kazi wa reli kina shauri gani na udongo? Hiyo ni kazi ya bwana shamba." Twawajibu ya kwamba neno la udongo limo ndani ya mshahara wetu tangu siku ya kwanza, wala si sisi tuliolitia humo. Lilitiwa na wale waliopanga mishahara ya babu zetu.

Zamani za ukoloni mwajiri alihesabu hivi: Mtu huyu yuko peke yake kazini. Mke wake na watoto wake wako nyumbani katika rizavu, wanalima na kula mahindi yao wenyewe. Basi yatosha kumpa fedha za chakula chake yeye, na nguo, na kodi. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilichunguza mishahara ya Waafrika katika Kenya, ikakiri ya kwamba mishahara ilipimwa kwa kipimo cha mtu asiye na jamaa, ikashauri iongezwe hatua kwa hatua mpaka itoshe mtu pamoja na mke na watoto. Kamati ile imekwisha, na serikali ile imekwisha, lakini kipimo chake hakijafa. Hata leo mfanya kazi akisema mshahara hautoshi, huulizwa, "Kwani kwenu hakuna shamba?"

Ndiyo, shamba liko. Lakini swali linalotupasa sisi kuuliza ni hili: Shamba hilo latoa nini?

Hapa kwetu Kakamega mtu hawezi kusema ya kwamba taabu yetu ni ukosefu wa mvua. Msitu wetu hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mito ya Isiukhu na Yala haikauki. Wala hatuna upungufu wa wachunguzi. Msitu wa Kakamega uliwekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1933, na tangu hapo umetembelewa na wataalamu kutoka pande zote za dunia. Kima wa Isecheno wamefuatwa tangu 1979 na Bibi Marina Cords na wenzake, hata mtu aweza kuambiwa ni kima gani aliyezaa na kima gani aliyefukuzwa katika kundi lake. Kuanzia 2001 hata 2010 mradi wa BIOTA, uliolipiwa na serikali ya Ujerumani, ulichunguza miti, ndege, wadudu na udongo wa msitu huo. Hatuwadharau watu hawa. Kazi yao ni njema, na msitu ukifa sote tutaona hasara. Twasema tu ya kwamba kima amepata daftari lake, na shamba la mfanya kazi lahitaji lake.

Na kwa kweli daftari hilo lipo. Wanachama wengi hawajapata habari zake, basi tunazieleza hapa.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, pamoja na wataalamu wa Kenya, walitaka kujua udongo wa nchi hii hupatwa na nini baada ya msitu kukatwa na mahindi kupandwa mwaka hata mwaka. Hawakuweza kukaa miaka 100 wakingoja. Kwa hiyo walifanya jambo ambalo kila mtu wa genge atalielewa upesi. Katika njia moja ya reli kuna mataruma yaliyowekwa miaka mbalimbali. Ukitembea toka moja hata jingine, kwa siku moja waona mambo ambayo mti hutendwa na wakati kwa miaka thelathini. Nao walikwenda katika mashamba ya nyanda za juu za Kenya Magharibi, kando ya mabaki ya ule msitu mkubwa ambao zamani uliunganisha Kakamega na Nandi. Wakachagua shamba lililofyekwa miaka 5 tu iliyopita, na jingine la miaka mingi zaidi, na jingine tena, hata wakafika shamba lililolimwa miaka 105. Wakapanda mahindi katika yote, wakapima mavuno.

Habari zao zilitolewa mwaka 2008, na wa kwanza katika majina ya waandishi ni John Kimetu. Waliona ya kwamba katika miaka 35 ya kwanza baada ya kufyeka msitu, mavuno hupungua kwa asilimia 66. Yaani katika kila magunia 3 aliyovuna baba, mwana anavuna 1. Baada ya hapo mavuno hukaa chini, kama tani 3 kwa hekta, hata katika mashamba ya zaidi ya miaka 100. Tena mashamba hayo yalitiwa mbolea ya dukani kwa ukamilifu, kilo 120 za naitrojeni, 100 za fosforasi na 100 za potasi kwa hekta. Mbolea peke yake haikurudisha nguvu iliyopotea.

Sababu yake ni hii. Msituni majani huanguka, yakaoza, yakawa mboji nyeusi. Mboji ndiyo ghala ya udongo: hushika maji, hushika chakula cha mmea, na kukitoa pole pole. Sisi tukilima tunauacha udongo wazi kwa jua na mvua, mboji yaendelea kuoza, wala haturudishi kitu. Mahindi yaenda nyumbani, mabua yaenda kwa ng'ombe au jikoni. Tena udongo wetu mwekundu huishika fosforasi kwa nguvu hata mmea hauipati. Na mvua kubwa ikinyesha, udongo wa juu hubebwa. Sisi wa reli twaujua vizuri, kwa sababu ndio huo tunaouzibua katika kalvati. Ile tope nyekundu tunayoitupa kwa sepeto ilikuwa shamba la mtu.

Sasa tuipige hesabu hiyo nyumbani kwetu. Tani 3 kwa hekta ni kama magunia 13 ya kilo 90 kwa eka. Mwanachama mwenye nusu eka ya mahindi atapata magunia 6 au 7 kwa msimu. Na katika Kenya mtu mmoja hula karibu gunia moja kwa mwaka. Basi jamaa ya watu saba itavuka, lakini kwa shida. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu aliyetia mbolea yote ile, na kwa nusu eka ni karibu mifuko 4 ya kilo 50. Nani katika sisi ameitia? Asiyeitia huvuna pungufu ya hapo, na miezi inayobaki hununua unga kwa mshahara. Kwa hiyo yule anayesema "kwenu kuna shamba" anahesabu shamba la babu, na sisi twalima shamba la mjukuu.

Ndugu, hatukuandika haya ili mkate tamaa. Wataalamu wale wale walijaribu dawa. Walitia majani mabichi, na samadi, na makaa yaliyopondwa, na unga wa mbao, kila kimoja mahali pake. Mavuno yakapanda kati ya asilimia 57 na 167. Majani mabichi yenye chakula kingi yalishinda unga wa mbao kwa mbali. Na jambo la kufurahisha ni hili, ya kwamba mashamba yaliyochoka zaidi, ya miaka 80 hata 105, ndiyo yaliyoitika zaidi kwa majani hayo. Makaa yaliyopondwa nayo yaliongeza mavuno mara mbili katika mashamba hayo. Udongo wetu umechoka, lakini haukufa.

Na majani mazuri kwa kazi hii hayanunuliwi dukani. Ni yale ya alizeti mwitu, lile ua la manjano lenye majani machungu ambalo limeota katika nyua za maboma na kando ya barabara zetu zote. Asili yake ni Mexico. Huko Maseno, mahali ambapo reli ya Butere hupita, wachunguzi wa ICRAF na wa idara za misitu na kilimo za Kenya walilipima katika miaka ya 1990. Majani yake yakikaushwa yana naitrojeni asilimia 3.5 na potasi asilimia 4.1, lakini fosforasi haifiki nusu ya asilimia moja. Hivyo mwenye fedha kidogo afadhali anunue mbolea ya fosforasi, na mengine ayapate katika majani.

Lakini hatutawadanganya wanachama. Kipimo cha Maseno ni tani 5 za majani makavu kwa hekta, yaani tani 1 kwa nusu eka, na majani mabichi huwa na uzito huo mara kadhaa. Ni nani atakayeyakata, ayabebe kichwani, ayafukie? Mume yuko katika stesheni au katika genge. Atakayebeba ni mke wake, ambaye tayari anabeba maji na kuni na mtoto. Huyo ndiye mfanya kazi ambaye mshahara wake haukuandikwa popote. Mwajiri alipopunguza mshahara wa mume kwa ajili ya shamba, alikuwa akitumia jasho la mke bila kumlipa senti. Basi mwanachama akienda likizo, asikae chini ya mti akingoja chai. Na ashike panga.

Yako maneno mengine ambayo lazima yasemwe. Wazee wetu wakimwona mtu anachota udongo na kuutia katika mfuko, huwa na wasiwasi. Vijana huwacheka, lakini wazee wana sababu. Mwaka 1930 serikali ya ukoloni ilitunga sheria ya ardhi za wenyeji, ikaahidi ya kwamba ardhi ikiondolewa kwao watapewa nyingine badala yake. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Haukwisha mwaka 1932 kabla sheria ile haijageuzwa, ili ardhi ya machimbo ichukuliwe bila kutoa ardhi nyingine. Udongo wetu ulichunguzwa, na matokeo yake yakawa hasara kwetu. Mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ukamba.

Dawa ya wasiwasi huo si kumfukuza mchunguzi. Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Dawa ni kwamba neno lililotoka katika udongo wetu lirudi kwetu, kwa lugha tunayoielewa. Habari tulizoeleza hapa zilitolewa kwa Kiingereza kigumu, katika vitabu ambavyo mama wa Shinyalu au Ikolomani hatavifungua kamwe. Hatumlaumu mtu mmoja. Twasema desturi hiyo haitoshi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 35 chasema kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na tangu 2013 kazi ya mabwana shamba imo mikononi mwa serikali za kaunti, kwa hiyo hatuna haja ya kwenda Nairobi kuuliza.

Kwa hiyo twaona yafaa matawi yetu yafanye mambo manne.

Kwanza, tuitake kaunti ihakikishe ya kwamba kila uchunguzi wa udongo, maji na mvua uliofanywa katika nchi yetu unasomwa barazani kwa Kiswahili na Kiluhya, na nakala inabaki kwa chifu.

Pili, tutake udongo wa mashamba upimwe kwa gharama ambayo mtu wa mshahara mdogo aweza kuilipa. Kununua mbolea bila kupima udongo ni kama kumeza dawa bila kujua ugonjwa.

Tatu, kila mwanachama na ajaribu mwenyewe. Pima vipande viwili vya shamba, vyenye ukubwa mmoja na mbegu moja. Kimoja kitie majani ya alizeti mwitu, kingine usikitie. Wakati wa mavuno pima kwa debe, uandike. Usituamini sisi, wala usimwamini mtaalamu, liamini debe.

Nne, na hili ndilo kubwa, kila nyumba iandike katika daftari magunia iliyovuna na magunia iliyonunua, mwezi kwa mwezi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wajumbe wetu wakikaa mezani na waajiri, wasiende na malalamiko matupu. Na wafungue madaftari hayo, waseme, "Mabwana, mnasema tuna mashamba. Haya ndiyo mashamba yetu, na hivi ndivyo yanavyotoa. Sasa tuhesabu tena."

Siku hiyo udongo utakuwa umesema neno lake katika shauri la mshahara, na hakuna bwana atakayeweza kulikana.

UMOJA NI NGUVU.