MAMA NA GARI: Taa ya Injini Ikiwaka, Tupime Kwanza



Mwenzetu mmoja anatuuliza swali ambalo bila shaka wengi mnalo. Taa ya njano yenye picha ya injini imewaka kwenye gari lake. Fundi alibadilisha sensa moja, taa ikazimika siku mbili, kisha ikawaka tena. Sasa anaambiwa anunue nyingine, na fedha iliyopo nyumbani ni ya ada ya watoto. Afanye nini?

Tunamshauri asinunue kitu chochote kabla gari halijapimwa. Wala asiipuuze taa hiyo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwanza tuelewane. Sensa tunayoisema hapa si ile ya kuhesabu watu. Ni kifaa kidogo kinachopima jambo moja katika injini, kwa mfano joto la maji, na kupeleka habari kwenye kompyuta ya gari kwa njia ya waya. Kompyuta ikipata habari isiyoeleweka huwasha taa na kuhifadhi namba ya kosa. Fundi mwenye mashine huisoma namba hiyo kupitia soketi yenye nafasi 16, ambayo mara nyingi iko chini ya usukani. Soketi hiyo imo katika magari ya Marekani tangu yale ya mwaka 1996, katika magari ya petroli ya Ulaya tangu 2001, na katika magari mengi ya Japani ya miaka ya karibuni.

Hapa ndipo fedha zetu hupotea. Namba ya kosa haisemi, "Nunua sensa." Inaonyesha tu upande wenye matatizo. Tuchukue namba P0118, ambayo huhusu sensa ya joto la maji. Huenda sensa imekufa kweli. Lakini huenda waya umekatika, umetafunwa na panya, au soketi yake imeingia kutu baada ya injini kuoshwa kwa maji mengi. Sisi akina mama tunalijua jambo hili: si kila homa ya mtoto ni malaria. Ndiyo maana tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limehimiza mgonjwa apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria. Gari nalo lipimwe.

Kipimo chenyewe si kigumu kwa fundi anayejua kazi. Huichomoa soketi ya sensa na kuipima sensa kwa mita ya umeme. Katika magari mengi ya Toyota, sensa nzima husoma omu 2,000 hadi 3,000 hivi ikiwa na joto la nyuzi 20, na hushuka hadi omu 200 hadi 400 maji yakifika nyuzi 80. Ikiwa haibadiliki, imeharibika. Ikiwa inabadilika vizuri, basi afuate waya. Kazi hiyo ifanywe injini ikiwa imepoa, na mfuniko wa rejeta usifunguliwe kabisa wakati maji yana moto.

Je, tuache tu gari litembee hivyo? La hasha. Sensa hiyo ikidanganya kwamba injini ni ya baridi, kompyuta huongeza petroli. Gari hula mafuta, hutoa moshi mweusi, na plagi hujaa masizi. Fedha tuliyodhani tunaiokoa huishia kwenye kituo cha mafuta.

Basi, mkifika gereji, kumbukeni haya:

(a) Mwambieni kwa upole, "Fundi, tafadhali niandikie namba ya kosa kabla hujaifuta." Kuchomoa betri ili taa izimike hakuponyi ugonjwa, na huweza kufuta ushahidi.

(b) Ulizeni amepima nini na amepata nini. Fundi mzuri hachukii swali.

(c) Ombeni mrudishiwe kifaa cha zamani.

(d) Baada ya matengenezo, gari liendeshwe, kisha lisomwe tena kwa mashine kabla ya kumaliza malipo.

Taa ya njano ikiwaka bila kupepesa na gari linakwenda vizuri, mnaweza kufika gereji taratibu. Ikipepesa, punguzeni mwendo na msimame mapema mahali salama, kwani huenda injini inakosa kuchoma mafuta sawasawa. Ikiwaka nyekundu ya oili au ya joto, zimeni injini mara tu mkishapata pa kusimama.

Mwisho, wekeni daftari la gari: tarehe, namba ya kosa, kilichobadilishwa na gharama yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenzetu akirudi kwa fundi na daftari mkononi, ada ya watoto itakuwa na mlinzi.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kukagua matairi kabla ya safari.